Dada wa Koti Jeupe

Mjukuu wangu Mutheu,

Natumaini kazi ya huko Nairobi haikumalizi. Hapa Mbooni tuko. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba, lakini goti la babu yako halimsumbui sana siku hizi. Umeniuliza kama tangazo lako la maziwa ya watoto litawagusa akina mama. Ngoja nikwambie kitu kwanza.

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza, kabla baba yako hajazaliwa, gari lilikuja soko la Tawa na dada mmoja wa koti jeupe. Tulidhani ni nesi. Aliongea Kikamba kizuri, akambeba mtoto wangu, akamsifu. Hakusema maziwa yangu ni mabaya. Aliniuliza tu kwa upole, "Mama, una hakika anashiba?" Kisha akanipa kopo la maziwa ya unga.

Tangu siku hiyo, kila mtoto wangu alipolia nilisikia lile swali. Nikamwachisha ziwa. Kopo lilipokaribia kuisha, nikawa nakoroga maziwa mepesi kwa maji ya mto. Yaliyofuata siyaandiki. Unapajua pale nyuma ya jiko nilipokuwa nakukataza kucheza.

Miaka hii yote nimejilaumu mwenyewe. Yule dada hata sikumfikiria, mpaka juzi nilipofungua tangazo ulilonitumia kwa simu. Umeandika vizuri, mama. Litawagusa. Linaanza hivi: "Mama, una hakika anashiba?"

Ni mimi bibi yako, susu.