Ndugu wa Mheshimiwa

Kibanda cha Kunyolea,
Jumapili, mvua imefukuza wateja.

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu nyingi kuliko nywele ninazofagia hapa kila siku. Vipi goti lako? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanageukia upande wa pili? Mimi nipo. Nakula, nabishana, na wanaotaka nistaafu wangali wananisubiri.

Barua yako niliipata. Kumbe ulimsikiliza Mheshimiwa wetu redioni akihutubia juu ya UKIMWI, ukalia hadi mboga ikaungua, na sasa unaniuliza mimi ninayemnyoa kama kweli ni mtu mwema vile. Tangu juzi nahangaika kukujibu. Naandika mstari, nasimama, nafagia palipokwisha kufagiwa, narudi. Jana nilimnyoa mteja sharubu upande mmoja nikamwambia ainuke, tayari. Akaniuliza kama upande wa pili unanyolewa kwingine.

Hotuba ile, mdogo wangu, niliisikia kabla ya redio. Mheshimiwa aliifanyia mazoezi kwenye kiti changu, mbele ya kioo changu, povu limemjaa kama mbuzi aliyekula sabuni. Mimi shule niliikimbia mapema, kwa hiyo ananieleza taratibu. Alisema jambo zito litamkwe mara tatu: mara ya kwanza watu wanalisikia, ya pili wanalikumbuka, ya tatu wanadhani wamelitunga wao. Alisema mtu asiwaambie watu wajikinge, aseme "sisi tujikinge," hata kama kwenye hiyo "sisi" yeye hayumo. Na swali liwe lile lenye jibu moja tu, kama vile, je, tutawaacha watoto wetu wafe? Nani atajibu ndiyo? Na pale ulipodhani sauti imemkauka kwa uchungu, alikuwa anahesabu kimoyomoyo hadi nne. Nilimwonya akifika tano watu watadhani amesahau. Alicheka, nusura nimnyoe nyusi.

Ila hotuba ilikuwa haijaiva, na mwenyewe alijua. Alilalamika kwamba takwimu hazijawahi kumliza mtu, alitaka mtu mmoja, mwenye uso. Hapo mdomo wangu, unaujua, ukanitangulia. Nikamwambia namfahamu mzee fulani, mgane, mwenye virusi. Vidonge vyake huvificha ndani ya kopo la poda. Kliniki huifuata mji mwingine asije akaonwa, na akiulizwa safari ya wapi husema anakwenda msibani, mpaka watu wanashangaa ukoo wake haujaisha. Nikasema mzee huyo hataki kitu duniani ila mtu wa kwao amwambie njoo tule.

Povu likamkaukia Mheshimiwa usoni. Haukupita muda, nasikia redioni yule mzee amekuwa kaka yake! Anakula naye sahani moja, amemfuta machozi, amemwambia wewe ni damu yangu. Mheshimiwa, mdogo wangu, ni mtoto wa pekee kwao. Mtaa mzima tunajua, na mtaa mzima tulilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakung'uta taulo.

Aliporudi kunyolewa nilimtania kwamba kaka yake amezaliwa akiwa mkubwa mno. Akanijibu bila haya kwamba baada ya hotuba ile, foleni ya kupima ilizunguka jengo la kliniki, na kama uongo ule unaniudhi nikawaambie wale watu warudi nyumbani. Nikamfunga taulo shingoni, nikaanza kunyoa.

Uliandika kwamba ungekuwa na ndugu kama yule, ungempikia kwa mikono yako na kumkalisha ubavuni mwako. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Lakini pia nakumbuka nilipokuja kwako mara ya mwisho. Yule jirani yako aliyesemwa kuwa na ugonjwa huo alipoondoka, kikombe chake ulikimwagia maji ya moto, kisha ukakitupa vilevile. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikinywa chai kwenye kikombe pacha cha kile, vidonge vyangu mfukoni.

Ndiyo hivyo. Yule mzee ni mimi. Usiniulize virusi nimevitoa wapi, mgane hazeeki mwili mzima. Vidonge vinafanya kazi, daktari anasema virusi vimelala usingizi wa pono. Asiyelala ni mimi. Na wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, ukiacha taifa zima.

Mwisho wa mwezi nakuja kwako, na tumbo nitakuja nalo tupu. Kama uliyemlilia ni ndugu wa Mheshimiwa tu, niandikie mapema, nauli yangu nitaila hapa hapa. Kama ni ndugu yako, usihangaike kujibu. Wewe injika sufuria.

Msalimie shemeji na watoto, ila usiwaambie bado. Hayo nitayasema mwenyewe tukishanawa mikono.

Kaka yako uliyebaki naye,
Kinyozi