Mpaka Uguswe Bega

Ohio, 2 Machi 1969

Mama mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa hii baridi yao isiyo na adabu. Magoti yako yanaendeleaje? Na Dada Willa bado anaiharibu kwaya?

Pai ya viazi vitamu ilifika imevunjika, tukaila hivyo hivyo na Gretchen, yule Mzungu ninayekaa naye chumba kimoja. Alilamba hadi karatasi. Anasema akikuona atakuita Mama.

Sasa nisikilize kabla hujapandisha hasira. Cleophus, mwanafunzi mwenzetu mweusi, amefukuzwa chuo. Kuna Mzungu alimchorea kitanzi cha kunyongea kwenye mlango wa chumba chake, naye Cleophus akamkunja shati. Aliyechora bado yumo darasani, anacheka. Jumanne ya tarehe 11 sisi weusi wote tutaingia ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na hatutoki mpaka Cleophus arudishwe. Gretchen na Wazungu wenzake watashikana mikono mlangoni ili polisi wasipite. "Dada," ameniambia, "wakiwataka ninyi, watanipitia mimi kwanza." Machozi yakamtoka kabisa. Tunataka wavae kitambaa cheupe mkononi, tuwatofautishe na wapelelezi. Naomba vile unavyowashonea wahudumu wa mlango wa kanisani.

Kuhusu shahada usiwe na wasiwasi. Juni kwenye mahafali utakaa mstari wa mbele na ile kofia yako ya zambarau.

Mwanao,
Arletha


Macon, Georgia, 6 Machi 1969

Arletha mwanangu,

Namshukuru Mungu kwamba u mzima. Magoti yananiuma, na barua yako imeyaongezea. Nilikupeleka huko ukae darasani, wewe umeona ofisi ya watu ndiyo yenye viti vizuri? Nimewapikia watu na kuwafulia chupi zao ili jina letu liitwe Juni, nilisikie mara moja tu kwa masikio yangu, halafu unaniletea habari za Cleophus. Nimekasirika, na sifichi.

Kisha nikakifikiria hicho kitanzi. Kaka yangu hakuchorewa, alivalishwa shingoni. Nikavuta cherehani nikakaa.

Vitambaa ndivyo hivyo, nimeongeza na kimoja cha akiba. Lakini mwambie huyo mlamba karatasi kwamba hilo siyo pambo. Ukikivaa, umeshika mlango. Hukai, huongei, huendi haja, mpaka mwenzio wa zamu aje akuguse bega. Siku tulipomzika baba yako nilikuwa zamu, na nilisimama mpaka nikaguswa. Mweleze vizuri, na wenzake pia.

Mama yako


Macon, 15 Machi 1969

Arletha,

Hujambo mwanangu? Redio imesema polisi waliingia chuoni kwenu. Nikapiga simu, mwanamke mmoja akanijibu kwa sauti tamu kwamba wanafunzi waliokuwa mlangoni wote wako salama. Nikamwuliza, na waliokuwa ndani? Akasema nisubiri kidogo. Nikasubiri mpaka simu ikakatika.

Niandikie hata neno moja. Nitusi ukitaka, mradi uandike.

Mama yako


Ohio, 24 Machi 1969

Mama,

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Anayeandika ni Cleophus, mimi nasema tu. Niko hospitali. Jicho la kushoto wamelitoa. La kulia limefungwa bandeji, daktari anasema litaona.

Mkuu wa wanafunzi ndiye aliyewaondoa akina Gretchen. Alipita kwenye ule mstari wa mlangoni akiwagusa bega mmoja mmoja. "Baba yako yuko kwenye simu, mwanangu." Aliyeguswa aliachia mkono wa mwenzake akaondoka. Polisi walikuwa wameshaambiwa: mwenye kitambaa cheupe asiguswe. Basi hao wa mlangoni wakapita katikati ya marungu kama watu wanaokwenda dukani. Kile cha akiba mwenzetu mmoja mweusi alikinyakua akakivaa. Polisi walimvunja mkono ule ule aliokifunga.

Sisi sote tumefukuzwa. Gretchen kapewa onyo. Alikuja hapa akalia mpaka ikabidi mimi nimbembeleze. "Arletha, si niliguswa bega? Si ndiyo sheria ya mama yako?" Hakuwa anatania, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Anataka kuja huko Pasaka ili umsamehe mbele ya kanisa. Nikampa anwani, maana nilichoka kumsikiliza.

Mimi siji kwa sasa. Sitaki kutazamwa. Nisamehe kwa ile kofia.

Mwanao,
Arletha


Macon, Jumapili ya Pasaka, 6 Aprili 1969

Arletha wangu,

Jicho linaendeleaje? Unakula? Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Kofia nimempa Dada Willa, haimpendezi hata kidogo.

Nakuandikia nikiwa jikoni mwa kanisa. Mgeni wako amekuja. Ameshuka kwenye basi na maua mkononi, na kitambaa changu kwenye mkono, amekifua, amekipiga na pasi. "Mama!" akanikumbatia mbele ya watu wote. Nikamwacha anikumbatie.

Nikamwuliza, "Umekuja kuomba msamaha?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nishikie zamu yangu."

Nimemvalisha glavu nyeupe, nikamsimamisha kwenye mlango mkubwa, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Nikamwambia: hukai, huongei, mpaka mwenzio wa zamu akuguse bega. Na huku kwetu bega haliguswi na kila mwenye simu. Anakugusa yule tu ambaye zamu inayofuata ni yake.

Kanisa limeingia, limeimba, limetoka. Watu wamekula kuku na pai, watoto wametafuta mayai yao ya Pasaka yaliyofichwa, sasa wanakunja viti. Kutoka hapa namwona. Viatu vyake ni vya visigino, na miguu imeanza kumtetemeka. Mchungaji ameniambia, "Ernestine, inatosha sasa." Nimemwambia pai imebaki, akale.

Nimepita karibu yake na ndoo ya maji. Akaninong'oneza, "Mama, bado?"

Nimemwambia mimi siyo mama yake, na bado. Akauliza zamu inayofuata ni ya nani. Nikamwambia ni ya Arletha.

Usiwe na haraka ya kuja, mwanangu. Pona kwanza.

Mama yako