Kahawa ya Mahagi Imekamatwa

Bunia, siku ya posho, Jumamosi. Mvua tangu asubui, na miye niko na furaha yenye kinywa inashindwa kubeba. Basi naiweka hapa.

Leo esai yangu ya kazi, ile ya kujaribiwa, ilikuwa inaisha. Patro, mukubwa wetu wa kazi, alisema siku ya posho atanipa kontra, karatasi ya kuniandika kazi kabisa, ao atanirudisha nyumbani. Bwana yangu ni mwalimu, na mushahara ya walimu, weye mwenyewe unajua, inakuja ginsi inataka. Kazi yangu njo inatukulisha. Bila kontra, narudia kuuza makayabu, ile samaki ya chumvi, ku soko.

Kazi yenyewe ni fonie, ile radio ya kuongea na depo za mbali kwenye tunatuma kahawa. Nasikiliza habari, halafu nabebea patro. Watu wanasema ni kazi ya kukaa tu. Uongo! Unaita "Mahagi, Mahagi, unanisikia?" mupaka koo inakauka. Na mutoto yangu bado ananyonya, iko nyumbani kule Shari na mama mukwe. Saa yake ikifika, maziwa inatoka yenyewe, bluzi inalowa, na Mahagi bado haijajibu. Siku ingine nilijifungia mu choo, nikalia. Ni kweli, siwezi kuficha.

Patro yetu anatoka pwani, Mombasa kule. Muntu wa haki, lakini mukali. Anatucheka: "Kiswahili chenu cha Bunia kimevunjika miguu yote miwili." Na kila siku: "Masika, maneno mafupi! Mashine hii si baraza."

Basi leo nikafupisha.

Lori yetu ilienda Mahagi na kahawa. Mahagi wakasema imefika salama, gunia zote wamekamata, zimeingia mu depo. Nikakimbia ku mulango ya patro, meno yote inje: "Patro, kahawa ya Mahagi, wamekamata yote!"

Akaruka. "Yote?"

"Yote, patro! Hata gunia moja haikubaki inje."

Akatoka mbio mu mvua, bila kofia. Miye nikawaza: ehe, furaha imemupanda ku kichwa. Nikachukua mwavuli, nikamufuata, juu siku ya kontra hauwezi kuacha patro alowe.

Nikamukuta mu biro ya serikali, anapiga meza. "Kahawa yangu imekamatwa Mahagi, na karatasi zangu zote ziko sawa!"

Citoyen, ule karani mwenye alikaa pale, akatabasamu. "Imekamatwa yote?"

"Yote!"

"Basi aksanti Mungu, patro! Unalilia nini tena? Siye tunaomba yetu ikamatwe vile."

Yesu wangu. Patro akapiga meza tena. "Wameninyang'anya mali, nawe unanicheka?"

Njo pale nilielewa. Kwao pwani, kukamata ni kazi ya askari na mwizi. Kwetu unakamata mukate, unakamata barua, unakamata mutoto mu mikono. Nikasema polepole: "Patro, hakuna mwenye alinyang'anya. Wamekamata... wamepokea."

Akaniangalia. Akaangalia citoyen. Citoyen alicheka mupaka machozi.

Tukarudi mu mvua. Nilimushikia mwavuli, yeye anaruka potopoto ya mvua mu njia. Nikawaza makayabu. Nikawaza mama mukwe, mwenye kila asubui ananiambia, "Enda tu, mwana, mutoto iko na miye," na mugongo inamuuma. Nitamwambia nini?

Ku biro nikaanza kukusanya vitu yangu, kitenge na chupa ya chai. Patro akaniita. Alikuwa anapanguza uso na kitambaa, na mabega yake inatikisika. Kumbe anacheka!

"Mimi ndiye niliyetaka maneno mafupi," akasema. "Kuanzia sasa, refusha kidogo."

Halafu akavuta karatasi ya kontra, akaniangalia sawa muntu mwenye anatafuta neno.

"Haya, Masika. Kamata."

Nilikamata na mikono mbili, nikapiga goti kidogo, sawa tulivyofundishwa kupokea kitu ya mukubwa.

Sasa niko nyumbani. Mutoto ameshiba. Mama mukwe nilimukanda mugongo na mafuta, amelala. Bila yeye, hakuna fonie, hakuna kontra. Nilimwambia vile, na alinifukuza na mukono, ati nisimuletee maneno ya bure. Lakini alicheka. Na bwana yangu, ole wangu! Tangu nilimuhadizia, hata chumvi ananipatia na sauti ya patro: "Haya, Masika. Kamata."

Kesho ni siku ya Mungu. Nitapiga goti kuomba, na sitafupisha. Baba, ile yenye ulituma, siye tumekamata. Yote. Hata gunia moja haikubaki inje.