Asubuhi za Ekerenyo

Ekerenyo, mwezi wa saba

Dada yangu Damari,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama na wote wa nyumba yetu ya Kisauni. Vipi macho ya Mama? Bado anakuita wewe kwa jina langu, au sasa ameshazoea kwamba mimi sipo? Na paa la jikoni, je, lilizibwa kabla ya mvua au mnaendelea kupika chini ya mwavuli?

Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako uliye mbali. Leo nairuka sentensi hiyo. Najua barua hii ikifika Mama atavuta kiti akuambie, "Soma." Msomee salamu, msomee habari za mvua na majani chai, kisha mwambie mwandiko umeharibika huwezi kuendelea. Hutakuwa umesema uongo. Utaona mwenyewe herufi zinavyolegea. Naandika mchana tu, vidole vikishakubali kukunjika, na kalamu ikianza kuanguka naacha mpaka kesho yake.

Mvua huku haina msimu wa kuichoka. Asubuhi ukungu unalala juu ya majani chai mpaka huoni ng'ombe wako mwenyewe. Michai aliyogawiwa mume wangu Ombati na baba yake imeshika vizuri, tumeanza kuchuma. Nasema "tumeanza" kwa adabu tu. Anayechuma ni Ombati. Anachuma, anabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kuuzia majani, na wanaume wenzake wanamwuliza kama alikwenda Mombasa kuoa mke au kununua picha ya kutundika ukutani. Unamjua, tangu enzi zile akifanya kazi bandarini hakuwa mtu wa maneno. Lakini akirudi anakaa na buti zake miguuni muda mrefu bila kuzivua, nami najua kuna aliloambiwa.

Hapa ndipo umwache Mama.

Dada, ule ugonjwa niliokuandikia, wa vifundo vya mikono, sasa umefika magotini na mabegani. Tulikwenda hospitali ya mjini Kisii. Daktari alibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja, akasema ni baridi yabisi. Nikamwambia huo ni ugonjwa wa vikongwe, mimi bado sijafika hata miaka thelathini. Akasema ugonjwa hauulizi. Akanipa asprini nyingi, ambazo zinanichoma tumbo, akaniambia nitazoea. Tangu siku hiyo nangoja kuzoea.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba una ratiba. Asubuhi naamka nimekauka kama samaki wa ng'onda. Siwezi kufunga leso, siwezi kushika kikombe, wala kugeuka kitandani bila kulia. Jua likipanda, viungo vinaanza kulegea polepole, na mchana naweza kutembea mpaka sokoni na kucheka na watu. Kumbe watu wanatazama. Mama mkwe aliniambia wazi, na Kiswahili chake ni kidogo lakini kinatosha: "Wewe jioni nacheka, asubuhi nakufa. Hii ni ugonjwa gani inajua saa?" Hata mimi kuna siku nilijiuliza kama kweli naumwa au nimekuwa mvivu tu, mwanamke wa pwani aliyezoea kununua maji kwa mchota maji. Ukiambiwa jambo kila siku mwisho unaanza kulitafuta ndani yako.

Usidhani ni mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akinichemshia majani ya kwao na kunikanda magoti mpaka jasho linamtoka. Alichoka kuona hayaponyi, ndipo akaanza kuniangalia kwa jicho lingine.

Kanisani nako ni kisa. Hawa wenzetu husali Jumamosi, na ibada ikiisha wanapanga mstari mlangoni, kila mtu ampe mkono kila mtu. Si mkono wa kwetu wa kugusana, ni mkono wa mkulima, wanakukamua. Nilikuwa nikificha mikono ndani ya leso lakini wanaitoa. Siku moja mama mmoja mnene aliubana mkono wangu akautikisa kwa upendo mtupu, nikalia mbele ya watu. Wakadhani mahubiri yamenigusa. Wiki ile ile mzee wa kanisa akaja nyumbani kuniuliza kama niko tayari kubatizwa upya, kwa kuzamishwa mtoni, maana ubatizo wetu wa kumwagiwa hawauhesabu. Mtoni, Dada, na baridi hii! Ombati alicheka mpaka akatoka nje. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tukicheka pamoja. Baada ya hapo nikawa nabaki nyumbani siku za Sabato, kwa ajili ya ile mikono.

Sasa nikueleze habari ya baba mkwe, Mzee Nyamweya. Huyu hakubatizwa na hana mpango. Alikuwa askari enzi za vita, akakaa Mombasa, akarudi na Kiswahili cha kambini ambacho wewe ungekisikia ungeziba masikio. Kwangu kilikuwa muziki. Huku mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kali, wanaiita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe impige. Hatazamani na mkaza mwana ana kwa ana. Kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa upande wa pili wa ua, amenipa mgongo, anasokota kamba za katani za ng'ombe, mimi nimekaa barazani naota jua. Ananiuliza kama Kilindini bado kunanuka. Ananiambia habari za meli. Namwita Tata, yaani baba kwa lugha yao, na nikimwambia leo vidole vimekataa, anasema, "Basi wacha. Kesho itakubali." Hakuwahi kuniuliza kwa nini jana nilicheka.

Jumamosi moja ya mvua wote wakaenda kanisani. Mwanangu Moraa alikuwa na kikohozi, wakaniachia. Amejua kutembea, lakini anayumba kama mlevi. Kabla ya kuondoka Ombati aliniinjikia maji kwenye mafiga ya humu humu chumbani, kama afanyavyo kila asubuhi, nikiamka nitumbukize mikono ipate kulegea. Siku nyingine maji yakipata moto mimi huwa nimeshateremka. Siku hiyo baridi ilinifunga kabisa. Nililala chali, leso imeteremka kiunoni nikashindwa hata kuipandisha, nikamwona Moraa anashuka kitandani, anaelekea yalipo maji.

Nikamwita kwa upole. Nikamwita kwa ukali. Aligeuka akanicheka, akaendelea na safari yake. Nikajiambia, inuka. Magoti yalikataa, mabega yakakataa. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Mzee Nyamweya alikuja mbio. Nikasikia miguu yake kwenye matope, kisha ikasimama pale kizingitini.

"Nini, mama ya Moraa?"

"Tata, ingia! Mtoto anakwenda motoni!"

"Mimi hapana ingia hapa. Wewe toka na yeye!"

"Siwezi kutoka!"

"Mimi pia hapana wesa!"

Damari, naapa tulisema hivyo, watu wazima wawili, na mtoto katikati. Kisha akageuzia uso kwenye mwimo wa mlango asinione, akaingiza fimbo yake ndani. "Sema iko wapi!" Nikamwelekeza. Kushoto, Tata. Chini. Mbele kidogo. Hapana, hiyo ni sufuria! Moraa akadhani ni mchezo. Akaikamata fimbo kwa mikono miwili akacheka, naye mzee akaanza kumvuta pole pole kuja mlangoni, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Ndipo ncha ya fimbo ikagonga sufuria. Maji yakamwagika, yakampata mguuni.

Kwa kile kilio chake mzee aligeuka akaingia. Aliingia mpaka ndani, akamnyakua mtoto, na akaniona nilivyolala. Alitoka naye, akamtia mguu kwenye maji baridi ya mvua, wakakaa huko nje mpaka watu waliporudi. Mimi nilikuwa palepale, sijajifunika.

Mguu umepona, limebaki doa dogo juu ya kisigino. Yaliyobaki hayakupona. Wazee wa ukoo walitaka mbuzi achinjwe kwa kuvunjwa heshima, watu wa kanisa wakataka maombi, vyote vikafanywa. Lakini Mzee Nyamweya amehamishia kamba zake nyuma ya zizi. Hapiti tena kwenye ua wetu. Juzi nilimwona mbali nikamsalimu kwa sauti, "Tata, umeamkaje?" Akaitika huku anaondoka. Namkosa, Dada. Naona aibu kwa alichokiona, na namkosa vilevile. Mchana kutwa sina wa kusema naye lugha yangu, nikisema peke yangu nanyamaza kwa kuogopa watasema na kichwa pia kimeugua.

Na la ajabu ni kwamba sasa wananiamini. Mama mkwe hasemi tena kwamba nalala. Anawaambia majirani, "Huyu ni mgonjwa kweli," na wanakuja kunipa pole, hawanipi mkono. Nililia miezi mingapi nikitaka kuaminiwa! Nilipokuwa mvivu nilikuwa na mtoto wangu. Nilipothibitika mgonjwa wakamchukua. Moraa analala kwa bibi yake, mchana analetwa kama mgeni. Asubuhi namsikia akilia ng'ambo ya ua, najua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, nami nimelala namsikiliza mpaka wengine wamnyamazishe. Siwezi kuwalaumu. Ningekuwa wao ningefanya hivyohivyo.

Kuna asubuhi mvua ikianza kugonga bati natamani siku hiyo ipite bila mimi. Usishtuke, sina nia ya kujifanyia jambo. Nimechoka tu, na sijui uchovu huu unapumzikiwa wapi. Nilimwambia Ombati, akanishika kisigino, maana ndipo pasipouma, akasema, "Nifanye nini, Salome? Niambie, nifanye." Nikamwambia aendelee kukishika tu. Tukakaa hivyo.

Sasa anasema nije huko kwenu. Joto la Mombasa litanifungua viungo, na pengine ni kweli. Lakini Moraa abaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walitolewa, na mtoto ni wa boma hili. Najua unasema, "Mlete kwa nguvu." Nitamleta vipi? Treni unabadilisha Nairobi usiku, watu wanasukumana, na mtoto wa umri ule anataka kubebwa. Mimi mfuko wa sukari tu wanibebea. Nilipopata barua yako kwamba Mama ameshasikia shauri hili kwa barua ya Ombati na anauliza nafika lini, nilikaa nayo mapajani mchana mzima. Ombati anangoja jibu langu. Naye Mama anangoja.

Nisalimie Mjomba fundi seremala, umwambie kiti alichotuchongea ndicho pekee ninachokalia na kuinuka bila kushikwa. Nisalimie Shangazi mwuza mahamri, na binti yake aliyeolewa Rabai, na mumeo, shemeji yangu mpiga kinanda wa kanisa. Mpe Mama asprini zake kwa chakula, zisimchome kama mimi.

Nilitaka kufunga barua hapo, kisha jana likatokea jambo dogo, nalo ndilo limenijibia.

Moraa sasa amejifunza kunyoosha mikono juu anapotaka kubebwa. Jana mchana aliletwa, nami nilikuwa na nafuu, nimekaa barazani. Akamnyooshea bibi yake mikono, akabebwa, akashushwa. Akamnyooshea baba yake aliyekuwa anatoka kuchuma chai, amelowa, akabebwa. Akapita jirani kuomba makaa ya moto, mtu asiyemjua vizuri, akamnyooshea na yeye. Nikangoja zamu yangu. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia, pole mwanangu, mama hawezi. Akanijia mbio mbio, akafika magotini kwangu, akanitazama. Hakunyoosha mikono. Aliketi chini, akaegemeza kichwa kwenye mguu wangu, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kuegemea pasipouma.

Hakuna aliyemfundisha. Nimewauliza wote.

Kwa hiyo mwambie Mama siji. Ikiwa ameshajifunza kutoninyooshea mikono nikiwa hapa, nikiondoka atajifunza nini?

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Salome