Breki Nilizoziacha Zilie

Jumamosi

Nimemdanganya hata fundi. Leo pale gereji ya Sokon I amefungua tairi la mbele la gari langu, Noah, akanionyesha pedi za breki zilivyoisha, chuma kinasaga chuma.

"Kaka, zimeanza kulia lini?"

Nikasema wiki mbili. Kumbe ni tangu Pasaka, na kila zikilia mimi naongeza sauti ya redio. Kwa gari hilohilo namteremsha mama kutoka kwake mlimani kila Jumapili kwenda kanisani.

Fundi amefunga pedi mpya. Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote, nikaomba anisamehe.

Akasema: "Nilikuwa nazisikia, mwanangu. Niliogopa nikisema, utaacha kuja kunichukua."

Nikamwambia tu kesho nitawahi.