Tausi Weupe wa Chumba cha Rukia

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, Mgogoni yote imelowa na rangi ukutani haitaki kukauka. Mabega yananiuma utadhani nimelima.

Keshokutwa mwanangu Rukia anaolewa. Fungate ataikaa hapa nyumbani, chumba cha uani, na tangu mdogo alinifunga kwa ahadi: siku hiyo nimchoree tausi weupe, dume na jike. Kazi yangu mimi ni kuandika vibao vya maduka Konde. Tausi sijapata kumuona.

Nikasoma kwenye simu mpaka macho yakaniwasha. Kumbe ule mkia mrefu si mkia, ni manyoya ya mgongoni, na dume huyapukutisha kila mwaka yakaota mengine. Jike hana kabisa. Jike wangu nilishamburuzia mkia hadi sakafuni, ikabidi niukwangue. Na tausi mweupe si albino. Manyoya hayana rangi, lakini jicho linayo.

Hilo jicho ndilo lililoniponza.

Jana nilipomaliza kuwatia macho, akaja shemeji yangu, Shehe Hamadi, atakayesoma dua ya chumba. "Shemeji, yapendeza mno," akasema, "lakini kiumbe mwenye roho huyu. Yafute macho, ndo n'ngie nisome."

Nikayafuta. Rukia alipoona akaangua kilio: "Mama, wanifanyia ndege vipofu!"

Nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Zimebaki siku chache mtoto aolewe, nami namfokea kwa sababu ya rangi.

Leo sikugusa brashi mpaka alasiri. Nilikaa barazani nikimtazama kuku wangu, mvua imemchosha, kageuza shingo na kuzika kichwa kwenye manyoya ya mgongo. Tausi na kuku ni ukoo mmoja, hilo nalo nililisoma.

Nikainuka, nikafuta vichwa vyote viwili, nikavichora upya vimegeukia mgongoni. Sasa wamelala, nyuso zimefichwa manyoyani. Shehe kaangalia, kasoma dua yake, kaondoka.

Rukia kaingia baadaye. Kakaa kitandani, kawatazama, kanishika mkono wenye rangi.

Siku saba zikisha atakwenda kwa mumewe Wete, na tausi watabaki na mimi.

Radhi bado sijamwomba mwanangu. Kesho nyumba itajaa watu tangu asubuhi. Nimechoka, lakini nitaamka kabla yao.