Chupa Tatu Zilizobaki kwa Asha

Kamembe, Ijumaa

Kaka yangu Ramadhani,

Assalaam aleikum. Mko hali gani huko Kalemie, wewe, Baba, na Asha mkeo na mimba yake? Mimi napumua tu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende kabatini, uzitoe zile chupa tatu za dawa ya damu ulizomwekea Asha. Asidungwe hata moja.

Kwa simu nilikuambia Mama alizidiwa. Sikusema kilichomzidi.

Chupa ulizotutumia nilizipeleka hospitalini mwenyewe, kifua mbele. Binti wa famasi akazigeuzageuza, akasema, "Maman, hii haiko mu liste ya dawa ya inchi yetu. Chuma yake ya kuongeza damu bameifunga na sukari moja ya minyororo mirefu, na kuko bantu inauaka palepale. Ngoja ile yenye kuruhusiwa, itafika siku ya tatu."

Siku tatu! Mama alikuwa mweupe hadi kucha kwa kupungukiwa damu, hata kuvuka ua hawezi. Nikajua tu huyu anataka ninunue kwake. Unazijua hasira zangu: nilimpokonya chupa nikamtukana mbele za watu.

Nikaenda kwa Papa Moize, jirani yetu, muuguzi mstaafu anayedunga watu nyumbani. Akauliza, "Ku hospitali balikataa juu ya nini?" Nikamjibu, "Juu tulikosa franga za kulipa." Uongo, kaka. Ningesema kweli, yule mzee asingeigusa.

Dawa haikuingia hata robo. Mama akaanza kujikuna shingo, midomo ikavimba, akawa anavuta pumzi haiingii. Tukampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mimi. Yule binti wa famasi ndiye aliyetoka mbio hadi getini kutupokea, lakini Mama alikuwa ameshakwenda.

Matangani kila mtu alimlaani binti huyo kwa kutunyima huduma, na wewe ukamlaani kwa simu. Nami nikaitikia. Nimechoka kuitikia.

Mpeleke Asha hospitali apewe dawa iliyoruhusiwa, hata kama ni ya kungojewa. Mwambie wifi yake anamnyang'anya kwa kumpenda. Nisalimie shangazi Mwajuma aliyetulea. Baba msomee yote, usiruke mahali pa uongo wangu. Na umwambie ambalo Papa Moize hajamwambia mtu: kabla ya sindano Mama aliurudisha mkono wake nyuma, akasema, "Tungoje tu, mwanangu." Mimi ndiye niliyeushika.

Dada yako,
Zawadi